Brashi Iliyonyolewa Kabla ya Mwenyewe

Asubuhi hiyo Mama Pacha alikuwa na kazi tele. Chai ilikuwa jikoni, na pacha wake walikuwa wakigombania soksi moja. Baba mkwe wake akachungulia.

"Mwanangu, nilowekee brashi ya ndevu kwenye maji ya moto. Leo nanyoa."

Mama Pacha nusura aangushe kikombe kwa furaha. Tangu mama mkwe wake afariki, mzee hakunyoa. Na brashi ile ilinunuliwa na marehemu.

Haraka akainua birika lililokuwa likichemka, akamimina kikombeni, akaitumbukiza brashi. Mzee alipoivuta, mpini ulikuja peke yake. Fungu lote la manyoya lilibaki kikombeni.

Mzee aliutazama mpini. "Basi," alisema polepole, "pengine si leo." Akarudi chumbani.

Mama Pacha alitaka kulia. Akachukua kikombe na mpini, mbio hadi kwa jirani yao kinyozi.

"Shemeji, maji yamemwagika!"

Kinyozi alichungulia. "Mbona yamo kikombeni? Loo! Brashi imenyolewa kabla ya mwenyewe."

"Baba alisema maji ya moto."

"Ya kuoga tunayaita ya moto. Ya chai nayo ya moto. Wewe unaogea ya chai?"

"Si nitaiva!"

"Basi brashi imeiva. Manyoya yameshikwa na gundi. Maji yanayochemka huilegeza, na manyoya yenyewe hukatika. Brashi inataka maji ya vuguvugu. Pacha walipokuwa wachanga, maji yao uliyapimaje?"

"Kwa kiwiko."

"Kiwiko hichohicho."

"Na vijidudu je, bila maji ya kuchemka?"

"Akimaliza kunyoa, aioshe kwa sabuni, aisuuze, aikung'ute. Kisha aitundike, manyoya yakitazama chini, ikauke. Na asimwazime mtu."

Manyoya yalipokauka, kinyozi aliyarudisha kwa gundi isiyoogopa maji. "Msiiguse mpaka ishike sawasawa," alionya.

Gundi iliposhika, Mama Pacha hakungoja kuombwa. Alichanganya maji, akachovya kiwiko, akailoweka brashi. Kisha akabisha hodi.

"Baba, maji tayari."

"Ya moto?" mzee aliuliza kwa wasiwasi.

"Vuguvugu, Baba."

Mzee akatoka. Mkasi ulitangulia, povu likafuata, halafu wembe. Pacha walitazama bila kupepesa.

"Kumbe Babu ana kidevu!" mmoja alisema.

Mzee alicheka, akajitazama kiooni kwa muda.

"Bibi yenu angeniona leo," alisema, "angesema nimechelewa."

Akaisuuza brashi mwenyewe, akaitundika, manyoya chini.