Mapigo Mia na Thelathini

"Yuko wapi?"

Mchumba wangu aliuliza akiwa mlangoni, simu mkononi, macho yanazunguka chumba kama anatafuta panya. Nyuma yake mama yake na dada yake, wote wanahema kwa ngazi.

"Nani?"

"Huyo mwanaume. Dakika arobaini moyo wako unakwenda mia na thelathini. Siku ya tatu leo, nyumba hiihii."

Mwanaume mwenyewe alikuwa dirishani anatunga uzi. Fundi suti mstaafu, tunamwita Babu Sindano, umri wa kumzaa huyo mama mkwe. Mimi nilikuwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, jasho linanitoka. Kwani hawakujua cherehani ya kukanyaga ni mazoezi? Yangu ni ya umeme, tena banda langu linatazamana na la mchumba wangu la kutengeneza simu, na nilichokuwa nashona sikutaka akione.

Miezi minne nyuma sukari ilinishuka nikaanguka bandani. Mchumba wangu akanibembeleza mpaka nikawekewa kifaa cha kupima mwili, kidogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi ya mkono. Hospitali waliuliza nani apate taarifa sukari ikishuka. Nikamtaja yeye. Sukari tu, basi. Lakini fundi simu ni fundi simu, akafungua kila kitu: mapigo, usingizi, joto, mahali nilipo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Nikamwomba simu. Alinipa, maana bado alijiona yeye ndiye aliyekosewa. Nilikuta kundi la familia, na habari za mwili wangu zimeanikwa humo kila siku. Wifi yangu mtarajiwa ameandika: "Leo kalala masaa manne tu, anawaza nini huyu?" Mjomba wao, mtu niliyesalimiana naye mara moja, amejibu kwa kucheka.

Mama mkwe akaona bado nasoma, akadhani nahitaji kufafanuliwa.

"Usinune, mwanangu. Ni kwa faida yako. Hata tarehe ya harusi, unadhani tuliipangaje? Tulitazama joto lako miezi mitatu, tukachagua siku zako za kushika mimba."

Alisema hivyo huku anatabasamu. Nilijiona mbuzi wa mnadani, watu wanamfunua meno.

Mchumba wangu alishaokota koti nililokuwa nashona. Akalipima begani, likamkaa.

"Hili ni langu?"

"La harusi. Lilikuwa siri."

Akacheka. Akasema basi yameisha, hofu ilimzidi, mtu akipenda hulinda.

"Mlinzi hukaa nje," nikamwambia. "Wewe umeingia mpaka ndani ya ngozi, ukamkaribisha na mjomba wako."

Simu ikalia mkononi mwangu. Wifi akachungulia, mazoea yana taabu.

"Mia na arobaini na moja," akasoma kwa sauti.

"Hayo sasa ndiyo ya kwake, si ya cherehani," nikasema nikimwonyesha kaka yake. "Myasome vizuri, ni ya mwisho."

Babu Sindano akawafungulia mlango.

Kesho yake nesi alinitoa kile kidude, akanishona nyuzi mbili tu. Nikamwomba anipe. Halafu nikarudi kumalizia koti, kwa sababu mimi siachi kazi nusu, hata kama nimeilaani. Kile kidude nilikishonea ndani ya bitana, upande wa moyo, mshono ambao hautaonekana. Babu Sindano akalipeleka kwa mwenyewe.

Jioni simu yangu iliita mara kumi na saba. Sikupokea. Mwishowe ikaja meseji:

"Mbona inaonyesha upo kwenye kabati langu, na huna mapigo?"

Nikamjibu:

"Ndiye mke uliyemtaka. Hatoki bila wewe kujua."

Sijui kama alielewa. Mama yake, nasikia, alielewa haraka, akalichana koti kwa kisu cha jikoni.

Asubuhi nilijichoma kidole kama zamani. Kiliuma kidogo. Nikasoma sukari yangu peke yangu, nikafuta damu, nikafungua banda.