Fanueli na Pikapu Aliyoipandisha Juu

Ndugu zangu wa Lushoto, ninyi mnaopanda na kuteremka na mizigo kila siku ya soko, nawaomba mnisikilize. Haya yalimpata Beatha wa kule Lukozi, na yangeweza kumpata yeyote aliyeolewa na mtu asiyeambilika.

Nyumba ile ilikuwa na utulivu wake. Beatha alilima kabichi na karoti, na mumewe Fanueli akazishusha Mombo kwa pikapu yao iliyovuta tela. Asubuhi za kupakia, ukungu ukiwa bado bondeni, ungewasikia wakitaniana kwenye magunia huku bibi Marta, mama yake Fanueli, akiwachemshia chai.

Kisha Fanueli akaziona pikapu za vijana wa Tanga, zimeinuliwa juu, matairi mapana kama ya trekta. Akarudi nyumbani hana raha. Haukupita muda, akaipeleka yake kwa fundi Jafari, ikaongezewa vyuma kwenye springi mpaka ikasimama kama jukwaa.

"Jafari anasema ndoano ya tela nayo ishushwe, ati nimwachie gari mpaka kesho," Fanueli, aliyeondoka na gari vilevile bila kusubiri, alimsimulia mkewe huku akicheka. "Mafundi hawa hawakosi la kuongeza."

Beatha alilitazama gari pale uani akachoka kabla hajaligusa. Magunia aliyozoea kuyasukuma tu, sasa ilibidi ayainue mpaka usawa wa kichwa. Bibi Marta, ili apande, aliwekewa kigoda na kusukumwa mgongoni kama mzigo. Na tela lilipofungwa, shingo yake, kile chuma kinachoshikwa na ndoano, ilielekea juu na sehemu ya nyuma ikainama, kama mbwa aliyeketi. Uzito wote wa kabichi ukaegemea nyuma.

"Baba Sesilia, tela limekaa vibaya."

"Mama Sesilia, wewe shughulika na kabichi. Gari niachie mimi."

Jibu hilo alipewa mpaka akalikariri. Tela lilipoanza kuyumba barabarani, alisema tena, akajibiwa vilevile. Alipomwomba mzee wa kanisa azungumze naye, Fanueli alisema watu wana wivu. Hebu niambieni, wenzangu, ni nani anayeona wivu kwa gari ambalo mama mzazi wa mwenyewe hawezi kulipanda?

Siku moja ya mvua waliondoka wote watatu, kwa kuwa bibi Marta alikuwa anapelekwa kutibiwa macho. Walipoipita Soni na kuanza mteremko, tela likaanza kuvuta mkia wa gari, mara kushoto, mara kulia. Beatha alishika mkono wa mama mkwe wake.

"Simamisha, Baba Sesilia."

"Nitapunguza mwendo."

"Simamisha, mama ashuke."

Alisimamisha, uso umevimba kwa hasira. Beatha akamteremsha bibi kwa shida, kisha akabaki palepale kwenye matope.

"Na wewe?"

"Sipandi mpaka tupunguze mzigo."

"Basi tembeeni," Fanueli akasema, akaondoa gari.

Bibi Marta alilifuata kwa macho yake mabovu. "Mwanangu huyu nilimzaa na masikio mawili," alisema taratibu. "Sijui ameyapeleka wapi."

Mlio wa vyuma ulitoka kwenye kona iliyofuata. Beatha alimkalisha bibi kwenye jiwe akakimbia. Tela lilikuwa limepinduka na kuiburuta pikapu, ambayo ilijibamiza ukingoni ikalala ubavu. Kabichi zilikuwa zinabingirika bondeni. Wapita njia walimtoa Fanueli, mguu wake umevunjika chini ya goti.

Alipomwona mkewe, alifumba macho. "Usiseme kitu."

"Sijasema," Beatha akajibu. Alitamani kumpiga na kumlilia kwa pamoja. Akavua khanga yake ya juu, akaufunga ule mguu kwenye kipande cha ubao.

Mguu haukuunga vizuri, na Fanueli anatembea kwa mkongojo mpaka leo. Mavuno ya msimu ule yalipotea, na matibabu ya bibi Marta yakacheleweshwa mpaka jicho moja likafa. Pikapu ilitengenezwa na kushushwa chini. Beatha alijifunza udereva, na sasa yeye ndiye anayeteremka Mombo. Fanueli hukaa pembeni yake akimwambia kila kona, "Polepole, Mama Sesilia," na Beatha inambidi alivumilie na hilo.

FUNZO

Ndugu zangu, kupenda sifa kunawaumiza hata wasiozitaka. Jicho la bibi Marta halikuwa na deni lolote kwa vijana wa Tanga. Mwanamume akiambiwa na mkewe kwamba kitu kimekaa vibaya, ashuke akatazame. Hatapungukiwa na chochote. Na mkiinua magari yenu, shusheni ndoano mpaka tela likae sawa. Kesho, kabla hamjauanza mteremko wa Soni, simameni pembeni mkaangalie.