Pumzi za Kufika Mlangoni

Aliyeketi mbele ya kompyuta ile ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo usiniambie nimesimuliwa. Nilikuwepo. Kama unasikiliza ili ucheke, kacheke kwenu.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani yangu, napindia sare za shule. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa sebuleni na kompyuta kuukuu aliyoletewa aitengeneze. Mwenyewe hakurudi kuichukua. Ndani yake kulikuwa na mchezo mmoja tu: wavamizi wameshuka kutoka sayari nyingine, nawe una askari wanne wa kuwazuia. Mnacheza kwa zamu. Kila askari ana pumzi zake, na kila hatua inakula pumzi moja. Zikimwishia, anabaki hapo hapo mpaka zamu ijayo. Ukishamaliza zamu yako, kioo kinakuwa cheusi na wavamizi wanatembea. Huwaoni. Unasikia nyayo tu, na milango ikifunguliwa.

Askari hao mdogo wangu aliwapa majina yetu. Fundi, ndiye yeye. Dada, ndiye mimi. Mzee Saa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtengeneza saa. Wa nne Kidoti, binti wa Fundi wa miaka saba, aliyekuwa ameng'ang'ania bega la baba yake.

"Baba, nipeleke mbele! Mbona shangazi amekaa tu kwenye gari la askari?"

"Shangazi yako anajipenda," nikamjibu kutoka barazani. Tukacheka wote.

Akampeleka. Kidoti na Mzee Saa wakafika kwenye mlango wa ghala, pumzi zimewaishia. Wifi yangu akaita, chakula tayari. Fundi, kwa haraka zake za siku zote, akachomoa waya bila kumaliza zamu.

Tulipokwisha kula akaiwasha. Zamu ilikuwa imejimaliza. Wavamizi walikuwa wametembea ndani ya mashine iliyozimwa. Mzee Saa alikuwa chini, hana uhai. Kidoti alikuwa amepiga magoti mlangoni, amejeruhiwa, na majeruhi hapati pumzi mpya. Mvamizi alikuwa hatua mbili mbele yake.

Yowe likatoka kwa jirani. Mzee Saa alikutwa ameinamia meza yake, lenzi bado iko jichoni. Nilirudi mbio kumwambia Fundi, nikamkuta amembeba mtoto. Kidoti alikuwa ameanguka kwa magoti mlangoni mwa chumba chake, mwili unaungua.

Zahanati walisema ni homa, wakatupa dawa. Dawa gani? Mtoto hakufumbua macho. Fundi akajaribu kufuta jina lake kwenye mchezo, ikakataa. Akajaribu kuanza upya, ikakataa. Kitufe cha kumaliza zamu ndicho pekee kilichokuwa tayari kumtii.

"Nisipokibonyeza, hawana zamu," aliniambia.

Siku tatu hakukibonyeza. Hakulala, hakuoga. Waya aliugandisha ukutani kwa gundi, betri ya akiba akaiweka mguuni. Nilimlisha kwa mkono wangu. Jamani, mdogo wangu alivyokonda! Wifi yangu alikuwa chumbani akimpepea mtoto, hajui lolote, anamtukana mumewe kutoka kule: mwanao anakufa, wewe unacheza! Fundi alikuwa akilia kimya kimya, macho kwenye kioo.

Siku ya nne, saa sita mchana, umeme ukakatika. Betri ikaanza kulia.

"Ina dakika ngapi?" nikanong'ona.

"Tano. Ikizima, wanatembea."

Akahesabu kwa kidole. Kumkinga mtoto, lazima mtu asimame mbele yake. Fundi alihitaji pumzi kumi na moja, naye alikuwa nazo kumi na moja. Dada alihitaji tisa. Alikuwa na kumi na nne.

Akageuka akanitazama.

"Dada," akasema taratibu, "wewe unafika, na pumzi zinabaki."

Nikatazama sakafu. Betri ikalia. Ikalia tena. Mdomo nilikuwa nao, neno sikulitoa. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

"Basi," akasema. Wala hakukasirika. Akajisogeza yeye, hatua moja moja, mpaka mbele ya Kidoti. Akabonyeza.

Kioo kikawa cheusi.

Nyayo. Mlango ukafunguka ndani ya mashine. Kisha ukafunguka mlango wetu wa mbele, nilioutia komeo mwenyewe. Hapakuwa na mtu. Nyayo zikaingia sebuleni. Zikanipita. Nilihisi upepo gotini. Fundi alikuwa ameshafika kwenye mlango wa mwanawe, peku, amempa mtoto mgongo, mikono imeshika miimo miwili.

"Zamu yenu," akanong'ona.

Sikusikia kishindo. Alishuka tu chini, polepole. Kutoka chumbani Kidoti akakohoa, akasema, "Mama, nina njaa."

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Kompyuta niliiponda kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Kidoti sasa yuko sekondari, amenipita urefu. Mama yake hajui nilichoulizwa siku ile. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Lakini kwenye saruji ya mlango ule pana alama mbili za nyayo, za mtu mzima, peku. Hazina rangi. Ni vumbi tu halitui hapo. Tumesugua. Tumemwaga saruji mpya. Zimerudi. Kidoti akiamka husimama juu yazo kabla hajaenda kuoga.

"Shangazi, hapa pana joto," huniambia. "Njoo ukanyage."

Nilikanyaga mara moja tu. Palikuwa baridi.