Ufunguo Usio na Meno

Kila alasiri mama akirudi kutoka kazini, mambo yalikwenda vilevile. Gari liliingia mtaani polepole likikwepa mashimo, likasimama kando ya ukuta, ng'ambo ya kiwanja kidogo kilicho mbele ya nyumba. Mama alishuka, akagusa kitasa kwa kidole kimoja, akaondoka bila kugeuka nyuma. Gari likalia "pii", taa zikakonyeza, na vioo vya pembeni vikajikunja vyenyewe kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa. Mama akiingia ndani alitundika ufunguo kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, akavua viatu na kuuliza, "Chai ipo?"

Ufunguo wenyewe ulikuwa kidude cheusi kinachoenea kiganjani. Haukuingizwa popote. Ulikaa tu kwenye pochi ya mama, naye akilisogelea gari, mlango ulikubali kufunguka. Akibonyeza kitufe karibu na usukani, injini iliwaka.

"Ufunguo gani huu usio na meno?" bibi aliuliza siku ya kwanza alipouona.

"Ndio wa kisasa, mama," mama alimjibu.

"Basi na mimi ni wa kisasa. Sina meno, lakini nikikohoa nyumba nzima inaamka."

Gari hilo halikuwa lao. Lilikuwa la mtu ambaye mama, kama madereva wengine, alimwita tajiri, na mama alilitumia kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha makwao. Tajiri hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na kauli moja isiyobadilika: gari likipotea, na kazi imepotea. Chakula cha nyumba ile na ada ya shule vilitoka kwenye usukani huo. Binti wa mama, aliyekuwa darasa la sita, alilijua hilo vizuri. Bibi alimpa jina la Darubini, kwa sababu hakuna kilichopita mtaani bila yeye kukiona, na akishakiona ni lazima akisimulie.

Basi zikaja habari za wizi. Mtaa wa pili gari lilichukuliwa mchana kweupe, kioo hakikuvunjwa, kitasa hakikuchubuka. Wiki iliyofuata likaondoka lingine vivyo hivyo, na mwenye nalo alikuwa sebuleni, ufunguo uko mezani.

"Huo si wizi wa mtu wa mbali," mama alisema huku akipuliza chai. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu wa humu humu anayechukua funguo na kuzirudisha."

Darubini alisikia, na macho yake yakaanza kazi. Wala hayakutafuta sana. Ng'ambo ya kiwanja kulikuwa na chumba cha kupanga, na ndani yake alikuwa amehamia mpangaji mpya. Alikuwa mlinzi, akienda kazini jua likizama na kulala mchana kutwa, kwa hiyo watoto walimwita Popo. Hakuwa na mke wala mtoto wa kuonekana. Hakupenda maneno mengi. Na nani asiyejua, Darubini alijiambia, kwamba mtu asiyepiga soga na majirani ana lake jambo?

Akaanza kumchunguza. Siku moja alimwona amesimama nyuma ya gari la mama, mikono mgongoni, akilitazama kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Siku nyingine alimwona anapima kwa macho kutoka kwenye gari hadi kwenye mlango wao, kisha anatikisa kichwa. Darubini alikuwa nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo aliacha kumwamkia. Akikutana naye njiani alijifanya ameingiwa na kijiwe kwenye kiatu, akainama mpaka yule bwana apite.

Kisha likaja la bombani. Darubini alikuwa akisubiri ndoo ijae, na Popo akaja na dumu lake. Akasimama kidogo, akakohoa.

"Binti," akasema, "ufunguo wa lile gari huwa mnauweka wapi?"

Darubini alishika mpini wa ndoo.

"Kama mnauweka karibu na mlango, mwambie mama auondoe. Auweke ndani kabisa, kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Utamwambia?"

Darubini aliitikia kwa kichwa, akabeba ndoo ikiwa nusu na kukimbia nayo, maji yakimwagikia miguuni. Aha, alifikiri, anataka tuuweke mahali anapopajua yeye! Mwizi anatufundisha pa kufichia!

Jioni, mama alipokuwa anakunywa chai yake, Darubini alimwambia, "Mama, Popo ameniuliza ufunguo wa gari tunauweka wapi."

Mama aliweka kikombe chini. "Amekuuliza hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Na akasema nini tena?"

Hapo Darubini alisita. Yale mengine yalikuwa mdomoni, tayari kutoka. Lakini alimwona mama alivyokaza macho, akaona nusu aliyoisema ilikuwa imenoga kuliko nzima. Tena akaogopa kwamba akiongeza yale ya kopo, mama atasema huyo ni mtu mwema tu. "Hakusema kitu," akajibu. Bibi, aliyekuwa anashona pembeni, alimtazama kwa muda kidogo, kisha akarudia uzi wake.

Kesho yake mama alikwenda kwa mama mwenye nyumba, aliyempangisha Popo chumba, na waliyozungumza hayakuchukua muda. Mama mwenye nyumba hakutaka kesi kwenye nyumba zake. Alimwambia Popo atafute pa kwenda, mwisho wa mwezi chumba kina mtu mwingine. Popo hakubishana. Aliuliza tu, "Nimekosa nini?" na mama mwenye nyumba akajibu kwamba yeye hajui, ila lisemwalo lipo.

Darubini aliyasikia hayo na kutembea kifua mbele siku nzima. Usiulize kama alilala vizuri. Alilala, lakini kila alipofumba macho aliliona lile dumu la bombani na yule bwana akikohoa kwa adabu kabla ya kusema.

Ikafika Jumamosi. Mama alikuwa bafuni akioga baada ya safari za asubuhi. Bibi alikuwa ua wa nyuma na kopo lake la biskuti mapajani, kopo ambalo Darubini hajawahi kuona biskuti ndani yake, ila sindano, vifungo na nyuzi. Darubini alikuwa dirishani, zamu ya ulinzi aliyojipa mwenyewe. Ng'ambo, Popo alikaa kizingitini pake, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akikipiga brashi. Nyuma yake mizigo michache ilikuwa imeshafungwa kamba. Darubini hakubandua macho kwake.

"Hodi humu."

Mwanamke alikuwa mlangoni. Alivaa vizuri, ananukia, na begani alikuwa na begi pana, bapa kama sinia. Darubini akaufungua mlango nusu.

"Karibu ndani."

"Ahsante, mwanangu, hapa hapa panatosha. Nasikia mtaani kwenu kuna chumba cha kupanga?"

"Kipo kile pale, lakini uongee na mama mwenye nyumba."

"Ana nyumba ngapi huyo mama? Na maji yanatoka?" Aliuliza hivi, akauliza vile, na hakusubiri majibu. Begi lake alilishusha begani, akaliegemeza kwenye ubao wa mlango, akalisogeza juu kidogo, kisha pembeni kidogo, kama anayetafuta mahali panapomwasha.

Darubini aliona ajabu. Mgeni gani anakaribishwa ndani anakataa, naye hachoki kusimama? Akatupa jicho juu ya bega la yule mwanamke, kwenye gari. Mwanamume mwenye kofia alikuwa ameinama karibu nalo kama anafunga kamba za viatu, na mkobani mwake mlichungulia kitu kama redio.

Gari likalia "pii". Taa zikakonyeza. Vioo vya pembeni vikakunjuka.

Upesi Darubini alimtazama Popo. Popo alikuwa kizingitini pale pale, kiatu mkono huu, brashi mkono ule. Hakuwa ameinuka hata kidogo. Na ufunguo ulikuwa msumarini, nyuma ya mlango, mkabala na begi la yule mwanamke. Ubao tu ndio uliovitenga.

*Kama mnauweka karibu na mlango, mwambie mama auondoe.*

Darubini aliunyakua ufunguo, akatoka nao mbio kupitia sebuleni, jikoni, hadi ua wa nyuma. Alilichukua kopo mapajani kwa bibi, akalipindua, sindano na vifungo vikatawanyika sakafuni. Akauweka ufunguo ndani na kushindilia kifuniko kwa viganja vyote viwili.

"Wewe mtoto una wazimu?" bibi akauliza. "Sindano zangu!"

"Wezi, bibi! Mama! Wezi wa gari!"

Kule nje mwenye kofia alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Alibonyeza kitufe. Gari likalia kwa kulalamika, lakini injini haikuwaka. Akabonyeza tena. Popo, aliyezoea kuliona gari lile na dereva mwanamke, aliinua kichwa akaona kofia asiyoijua. Hakupiga kelele. Alitoa filimbi yake ya kazi mfukoni na kuipuliza kwa pumzi zote, akalikimbilia gari kwa kiatu kimoja. Madirisha yakafunguka, watu wakatoka. Mwenye kofia alitoka garini akakimbia, na yule mwanamke akamfuata. Begi lilinasa kwenye kitasa cha mlango, akaliacha hapo hapo.

Ndani ya begi hamkuwa na kitana wala leso. Mlikuwa na betri, nyaya zilizozungushwa, na kisanduku kilichokuwa bado kinamulika taa nyekundu. Askari walipofika walilichukua, wakaandika sura na mavazi ya wale watu. Kabla wiki haijaisha wakaleta habari kwamba wawili hao wamenaswa mtaa mwingine, wakibisha hodi kwa begi jipya.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile mama alisimama sebuleni, povu la sabuni bado shingoni, akamkumbatia binti yake.

"Umeniokolea kazi yangu. Nani alikufundisha kuuficha kwenye kopo?"

Sebule ilikuwa imejaa. Mama mwenye nyumba alikuwepo. Popo alikuwepo mlangoni, soksi yake imejaa vumbi. Darubini angeweza kusema ameyasikia shuleni, na kila mtu angemsifu. Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke aingie.

"Ni yeye," akasema, akimwonyesha Popo. "Aliniambia bombani. Aliniuliza tunauweka wapi, halafu akasema nikwambie uuondoe mlangoni, uuweke kwenye kopo la bati. Mimi nikakwambia la kwanza tu. La pili nililificha, mama. Nilitaka umwone mwizi."

Mama alimgeukia Popo.

"Ndugu yangu, mbona hukuja kuniambia mwenyewe?"

"Nilikuja mara mbili baada ya kuambiwa nihame, dada. Ulinifungia mlango." Popo aliitazama soksi yake. "Kule nilikokuwa nalinda kwanza, liliibwa gari namna hii. Ufunguo huu na gari vinaitana kwa mawimbi, kama kituo na redio. Mmoja anayadaka mawimbi mlangoni, mwenzake anayapokea karibu na gari, na gari linadhani ufunguo umefika. Mimi sikuyajua hayo wakati ule. Walisema mlinzi ndiye aliyetoa ufunguo, nikafukuzwa. Nilipoona mlango wenu na gari lenu vilivyokaribiana, sikutaka limkute mwingine. Wala sikutaka nisingiziwe tena."

Mama alimwomba radhi mbele ya wote. Mama mwenye nyumba alikohoa, akasema kwamba chumba kile bado hakijapata mtu, na mizigo inaweza kufunguliwa. Kisha Popo akawafundisha kulijaribu kopo: Darubini alilibeba hadi kwenye gari, kifuniko kimelegea, na mlango ukafunguka; aliposhindilia kifuniko, gari likabaki kimya. "Msiliamini kopo mpaka mmelijaribu," Popo alisema. Na tajiri, alipopigiwa simu, akaleta chuma cha kufungia usukani siku hiyo hiyo.

Jioni Darubini alipiga magoti ua wa nyuma akiokota sindano. Bibi alikaa karibu naye, akizipokea moja moja.

"Bibi, ni kosa kumshuku mtu?"

"Si kosa. Mwenye mali asiyeshuku hulala njaa. Ulikuwa na macho, ukaona begi lile halijakaa sawa, na hilo limetuokoa." Bibi akachoma sindano kwenye kitambaa. "Kosa lako lilikuwa jingine. Ulipewa maneno mawili ufikishe, ukafikisha moja. Nusu ya ukweli, mjukuu wangu, inaweza kumhamisha mtu nyumbani kwake, na gari bado likaibwa. Ukishuku, chunguza. Ukisimulia, simulia yote, hata yale yanayoharibu hadithi yako."

Ng'ambo, mlango wa chumba ulifunguka. Mlinzi alitoka na viatu vyake vyote viwili, vinang'aa, akianza safari ya kazini. Darubini aliacha sindano, akapita sebuleni mbio hadi kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mjomba," akasema.

Yule bwana akasimama. Hakuna mtoto wa mtaa ule aliyewahi kumwita hivyo.

"Marahaba, binti," akajibu. "Ufunguo uko wapi?"

"Siwezi kukwambia," Darubini akasema, na mlinzi akacheka hadi akashika kofia yake ya kazi isianguke.