Tarumbeta la Jumamosi ya Mitungi

Saa tano kasoro robo asubuhi, Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, Polixeni alikuwa ameshika ramani ya mji wa Korfu, kule Ugiriki, mguu mmoja tayari nje ya mlango wa nyumba ya wageni alikofikia. Miaka thelathini alikuwa mpelelezi wa polisi kule Trikala. Sasa kastaafu, na alichotaka ni kuzurura vichochoro vya mji mkongwe, apande ngome, ale vitamu, alale. Ndipo ukelele ukatoka ghorofa ya tatu.

"Tarumbeta langu! Wameniibia!"

Mguu ukarudi ndani. Kazi gani hii isiyokubali kustaafu!

Juu alimkuta Arsenis, kijana wa nyumba hiyo ya wageni, ameshika kasha tupu, machozi yakimlengalenga. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kupiga na bendi mtaani, kengele za saa tano zikishalia na watu wakishatupa mitungi barabarani toka roshani zao, kama desturi ya siku hiyo. Mama yake, Bi Theano mwenye nyumba, alikuwa amemkazia macho mfanyakazi wake, Mirela kutoka Albania. Madirisha yote wazi.

"Wewe ndiye uliyetandika kitanda! Nani mwingine kaingia humu? Lisipopatikana kabla ya kengele naita polisi, na kazi huna!"

"Naapa kwa macho ya wanangu, mama! Miaka sita hapa, nimewahi kuchukua hata kijiko?"

Polixeni akakohoa. "Samahani kwa kuingilia. Arsenis, mara ya mwisho uliliona lini?"

"Saa nne. Nililing'arisha, nikaenda kuoga."

"Tangu saa nne mimi niko mlangoni nakunywa kahawa. Hakuna aliyetoka na kitu kikubwa kuliko mkate. Tena mwizi wa kuuza angechukua na kasha lake." Akamtazama kijana. "Au umelificha mwenyewe kwa woga?"

"Mimi? Siku hii nimeiota tangu utotoni!"

Akamwamini. Akaenda kwenye roshani, ambako Mzee Stamatis, baba yake Theano, alikaa akilinda safu ya mitungi iliyofungwa vitambaa vyekundu, ile ya wazi ikiwa imejaa maji mpaka shingoni. Chini, mtaa ulishafurika watu.

"Babu, umesikia chochote?"

"Masikio yangu niliyaacha kwenye bendi, binti yangu. Miaka hamsini na bendi ya mtaa wa juu!"

"Na mjukuu?"

Mzee akakunja uso. "Ya bandarini. Wale si bendi, ni wagonga masufuria!"

Polixeni akacheka, akanyoosha mkono kwenye mtungi mkubwa kuliko yote, uliofunikwa kitambaa mdomoni. "Huu utalia kweli!"

"Uache huo!" mzee akaruka. "Una ufa. Utupwe mwingine."

Akauacha. Alikuwa ameshafika katikati ya ngazi aliposimama ghafla, akajipiga paji la uso, akapanda tena mbio mpaka kwenye roshani. Kengele zilikuwa zimeanza. Mji mzima ulikuwa unavunja mitungi, na Theano, kwa hasira zake, alikuwa ameunyanyua ule mkubwa juu ya ukingo.

"Mbona mwepesi hivi?" alikuwa akiuliza.

"Weka chini!" Polixeni akapiga kelele. "Babu, leo watu wote wanatupa mitungi yenye ufa, mizima inabaki jikoni. Wewe tu unataka kutupa mizima na kuutunza mbovu. Tena mingine ina maji, huu mkavu."

Akaingiza mkono, akatoa tarumbeta limeviringishwa kwenye shati la kulalia la mzee.

"Babu!" Arsenis, aliyefika nyuma yao na Mirela, akasema.

"Ulitaka nifanyeje?" mzee akasema. "Upite chini ya roshani yangu umevaa kofia ya wale, majirani wanichekelee? Ningelirudisha jioni."

"Na Mirela je?" Polixeni akauliza. "Angelala rumande mpaka jioni?"

Mzee akainamisha kichwa. Aliona haya kweli. "Huyo sikumfikiria."

Arsenis akalinyakua tarumbeta, akashuka ngazi tatutatu. Theano akamshika Mirela mikono, akilia na kuomba radhi. Mzee naye akasogea, akanong'ona kwamba anasikitika.

"Sitaki samahani ya chumbani, Babu," Mirela akasema. "Nimeitwa mwizi madirisha yakiwa wazi."

Mzee Stamatis akavuta pumzi, akashika ukingo wa roshani, akakijaza upepo kifua kilichopiga tarumbeta miaka hamsini.

"Mirela si mwizi! Mwizi ni mimi, Stamatis wa bendi ya juu!"

Mtaa mzima ukainua macho, ukaangua kicheko na vifijo.

"Rudia, Babu," Mirela akasema, akijifuta macho. "Wale wa kule kona hawajasikia."

Akarudia.