Bega la Kushoto la Ndunda

Siku ya soko mjini Machakos, kwenye nguo za mitumba, hakuna adabu: unasukumwa, unakanyagwa, na ukizubaa unavuliwa hata kofia. Hapo ndipo Kanini, katika rinda la samawati alilojishonea mwenyewe, alipomwona kijana mrefu akijaribu koti mbele ya kipande cha kioo. Uzalendo ukamshinda.

"Hilo koti linakudanganya," alimwambia. "Bega lako la kushoto liko chini."

"Asi! Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi. Nimebakisha mtihani tu."

Kijana akacheka. Bega lilikuwa limeshushwa na mifuko ya simiti aliyobeba tangu amalize kidato cha nne. Jina lake Ndunda.

"Na bega kama hili, fundi, litapata koti wapi?"

"Kwangu," Kanini akajibu, kisha akaona haya.

Penzi likaanza hivyo, kwa mzaha, na miezi miwili ikapita wakila miwa na kutaniana hadi jua lizame. Kanini alikuwa akimaliza ushonaji katika chuo cha ufundi pembeni mwa mji. Padri Aloys alikuwa ameahidi kwamba parokia ingemsomesha Nairobi, diploma ya ubunifu wa mavazi, yule atakayeshika nambari ya kwanza. Mmoja tu, na mwaka huo tu. Kanini, ambaye baba yake alilima shamba la mawe huko Katangi, hakuwa na mlango mwingine.

Mtihani wao ulikuwa na sharti lake. Jumatatu unampima mtu mbele ya mtahini. Ijumaa mtu huyo anarudi, anavaa, na koti linapewa alama likiwa mwilini. "Nguo kwa hanga haisemi ukweli," mwalimu wao, Madam Nduku, alipenda kusema.

Jumatatu Ndunda alikuja.

"Simama wima, mpenzi," Kanini alimnong'oneza, tepu mkononi.

"Ukinishika hivyo nitasimama aje?"

Darasa zima likacheka, hata mtahini. Kanini akaandika bega la kushoto nusu inchi chini ya lile la kulia, akalikata koti hivyo, akalishona kwa roho yake yote.

Ijumaa asubuhi aliyeingia mlangoni ni Erastus, binamu yake Ndunda, akitabasamu. "Ndunda ameandikwa kazi EPZ, kile kiwanda cha nguo, ndio anaanza leo. Amesema mimi na yeye ni saizi moja."

Mabega ya Erastus yalikuwa sawasawa. Alipovaa, koti la kijivu likakunjamana kuanzia shingoni hadi kwapani. Kanini alijieleza, akaomba, akakaribia kupiga magoti. Mtahini alimwambia kwa upole kwamba yeye hutahini koti, si hadithi.

Jioni simu ya kibanda kilichokuwa jirani na chuo ikalia, akaitwa.

"Kanini, mwendwa wakwa, nimepata kazi! Wiki tatu nasimama kwa lango la kiwanda, siku niliyokosa ni ile Jumatatu ya kupimwa tu. Ukitoka kwa laini wanachukua mwingine. Koti lilienda aje?"

"Nimeanguka, Ndunda."

"Kwani? Mimi na Erastus tunavaliana nguo tangu tukiwa watoto!"

"Hizo ni mashati za mitumba. Hili nililikata kwa mwili wako."

"Lakini kazi nilitafuta kwa ajili yetu! Ningekuoa na nini?"

Kanini akaweka simu chini polepole.

Nafasi ilimwendea Wendy, rafiki yake. Kanini alimsaidia kufunga sanduku, akamsindikiza, kisha akajifungia chooni akalia. Mwaka uliofuata wafadhili wa parokia hawakurudi. Baba alisema masomo yametosha, maana maskini hakuwa na karo. Kanini akapata cherehani ya kukodi kwenye varanda ya duka Mumbuni, akawa anatia viraka sare za shule. Simu za Ndunda hakuzipokea.

Jumapili moja Ndunda akatokea, viatu vinang'aa, amevaa lile koti ambalo Erastus alikuwa ameondoka nalo. Mwilini mwake halikuwa na kunjo hata moja.

"Kanini, nimechoka kukaa bila wewe. Nataka tulete mbuzi za ntheo kwenu Katangi, baba yako ajue nakuposa. Hata kazi nimekuulizia. Wanataka watu wa kushona mifuko."

"Mifuko tu?"

"Mfuko wa kushoto. Ule wa kulia ni laini ingine."

Kanini alinyanyuka. Alimzunguka kama mtahini, akainua mkono wake mmoja, akatazama mgongo, akalainisha mshono wa bega la kushoto. Kiganja chake kikakataa kutoka hapo. Alimpenda, alimpenda sana, na kumpenda hakukumsaidia kitu.

"Limekaa," alisema.

"Basi nilete wazee?"

"Usilete. Nakupenda, Ndunda, lakini kila ukivaa shati nitaliona hili bega, na nitakumbuka. Sitaki nikuchukie tukiwa nyumba moja."

Machozi yakamlengalenga kijana wa watu. "Basi nilichome hili koti!"

"Usithubutu! Ndiyo kazi safi kushinda zote nimewahi kufanya." Akamfunga kifungo cha katikati, taratibu. "Livae siku utaoa."

Ndunda akaondoka. Kanini alilitazama bega lile hadi likapinda kona. Mama mmoja alikuwa amefika na sweta ya mtoto iliyochanika kiwiko. Kanini akamkaribisha kiti, akaanza kutafuta uzi wa rangi ya kufanana nayo.