Ndugu Yangu wa Ziwa Moja Alinikana Mbele ya Mama

Nina miaka thelathini na minne, nina mke na watoto wawili, na ninakaa Ibra. Kazi ya bahari sinayo tena. Ndugu wasomaji, msinishangae mwanamme kulia... Mngelifungiwa kama nilivyofungiwa mie, kwa kosa la kusema na ndugu yenu, mngelicheka?

Nilizaliwa Unguja. Mama aliponizaa akawa mgonjwa, maziwa hana. Jirani yetu Bi Zuwena alikuwa na mwanawe mchanga, Rashidi, akanitwaa akatunyonyesha sote wawili. Kwetu hilo si jambo dogo: uliyenyonya naye ziwa moja ni ndugu yako, hata dada yake humwoi. Wazee wangu walipofariki, Bi Zuwena akanichukua Omani, akanilea hapa Ibra pamoja na mwanawe, nami nikawa namwita mama.

Tulipokua tukaingia baharini. Mie nikashika usukani katika meli ya mizigo. Rashidi, Mungu kampa akili, akawa afisa wa redio katika manowari. Lakini kule kazini alijitia Msuri, Mwarabu mzaliwa wa mji wa Sur huku Omani, baba na babu! Sisi tuliotoka Unguja tulichekwa kwa Kiarabu chetu, naye hakutaka kuchekwa.

Mnavikumbuka vita vile vya Ghuba, bahari imetegwa mabomu? Meli za biashara hazikuthubutu kwenda peke yao. Zilikwenda kwa msafara, moja nyuma ya moja, manowari zikizilinda. Amri ilikuwa redio kimya, asiseme mtu ila nahodha.

Sasa mie na Rashidi tulikuwa na mchezo wetu. Msafara ukitukutanisha, yeye huniita redioni kwa Kiswahili, maneno mawili matatu, tukacheka, basi. Nani angetuelewa? Wallahi yeye ndiye aliyeuanza!

Mchana ule nahodha alishuka kula. Nikaishika redio, nikamwita Rashidi. "Yakhe, sisi wa tatu, nyuma ya ile nyekundu. Mama kasema Ijumaa mikate ya kumimina, usikose!" Hakunijibu. Kumbe mkubwa wake alikuwa kasimama ubavuni mwake...

Haukupita muda, ile meli nyekundu ikagonga bomu. La ilaha! Moshi, watu wako majini wanapiga mayowe, na sisi tumekatazwa kusimama.

Manowari ilikuwa imeinasa sauti yangu kwenye kanda. Wakasema nimempa adui habari kwa lugha ya siri! Nikafungiwa kijichumba cha chini cha meli yetu, karibu na mashine, kufuli nje. Fikirini, bahari imejaa mabomu, nami nimo mle kama panya mtegoni! Kila mshindo nilitoa shahada.

Tulipofika bandarini nikatiwa chumba kingine, hakina hata dirisha. Nikamwambia afande aliyenihoji kwamba Rashidi ni ndugu yangu, atamfasiria kila neno. Nilifurahi, jamani! Nikajua leo natoka.

Rashidi akaja, nguo zimenyooka pasi. Hakunitazama. Akasema kwa Kiarabu, "Mie mtu wa Sur. Lugha hii siijui, na huyu simjui."

Nikakaa chini sakafuni. Ndugu yangu huyu? Ziwa moja hili? Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na mlango ukafungwa vilevile.

Wiki zikapita. Bi Zuwena alipopata habari alitoka Ibra kwa gari la kukodi, likamharibikia njiani, Fanja, akakaa juani na chakula changu mapajani. Alimlilia afande mpaka afande akatukutanisha sote.

"Rashidi mwanangu," mama akamwambia, "waambie basi. Mwenzio anaoza humu."

Rashidi akamgeukia afande. "Simjui bibi huyu."

Nilidhani mama ataanguka... Lakini akamwambia afande kwa Kiarabu, taratibu, "Macho yangu mabovu, baba. Nimemfananisha." Alimlinda! Baada ya yote yale, alimlinda! Kisha akanishika mkono. "Wangu ni huyu. Na lugha hii haina siri. Nenda soko la Ibra, kamlete yeyote, atakufasiria."

Akapatikana askari mmoja wa Izki, aliyekulia Unguja. Akaisikiliza ile kanda, akaangua kicheko. "Afande, mtu anaitwa kula mikate!"

Nikatolewa. Lakini kazi khalas, hakuna meli iliyonitaka tena. Mama akahamia kwangu.

Mwaka jana Rashidi alikuja na gari jipya, ndani yumo mwenziwe wa kazini. Majirani wamejaa barazani. Akasimama mlangoni, akamwambia mama kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, kwamba amekuja kuomba radhi.

"Radhi utaipata," mama akasema. "Niamkie kwanza. Kwa lugha niliyokubembelezea, na watu hawa wasikie."

Rashidi akalitazama gari. Akatutazama sisi. Neno moja tu, shikamoo! Midomo ikafunguka... ikafumba. "Siku nyingine," akasema kwa Kiarabu, akaondoka. Mama akaingia ndani, siku ile hakula.

Nakuombeni, vijana mnaoficha mlikotoka ili mpate cheo. Mama yako akikuita mbele za watu, itika! Itika kwa lugha aliyokuitia. Rashidi mpaka leo hupita Ibra na vioo vya gari vimepandishwa, na mama kila akisikia gari nje hunyanyua kichwa.